Bendi ya roki ikipewa filamu ya kutisha: mwongozo wa kutunga, kurekodi na kukabidhi muziki

Maswali ni yale yale. Tungoje filamu ihaririwe au tuanze sasa? Kwa nini gitaa letu linafunika maneno ya waigizaji? Kwa nini muziki uliokaa sawa na picha kule studio umehama kwa sekunde tano ukumbini? Tutume MP3? Mwongozo huu ni wa wapiga roki walioombwa na mwongozaji mwenye bajeti ndogo wamtungie muziki wa filamu ya kutisha, na hawajawahi kuifanya kazi hiyo.

Njia yenyewe imeshakanyagwa. Mwaka 1975 Dario Argento aliwaita Goblin, bendi ya roki ya Italia, kwenye filamu yake ya Profondo rosso, na mwaka 1977 wakarudi naye kwenye Suspiria. Mwaka 2004 muziki wa Saw, filamu ya fedha kidogo iliyozaa mfululizo mrefu, ulitungwa na Charlie Clouser aliyewahi kupiga vinanda katika Nine Inch Nails. Sauti za roki zinafaa sana kwa kazi hii. Kisichofaa ni tabia ya roki ya kujaza kila nafasi. Kwenye filamu mwimbaji tayari yupo: ni mazungumzo, na mazungumzo yakikoma, ni pumzi, ubao unaolia, kitasa kinachozunguka. Bendi inamsindikiza huyo. Makosa mengi yatakayotajwa hapa chini yanatokana na kumsahau.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Video ya filamu iliyokwisha kuhaririwa, yenye taimkodi (saa, dakika, sekunde na fremu) inayoonekana kwenye picha. Mwombe mhariri aweke mazungumzo na sauti za matukio upande wa kushoto, na muziki wa kuazima, yaani ule wa watu wengine aliouweka kwa muda (kama upo), upande wa kulia, ili uweze kuuzima.
- Jibu la maandishi la swali hili: filamu ina fremu ngapi kwa sekunde? 23.976, 24 na 25 ni vitu vitatu tofauti.
- Kompyuta yenye programu ya kurekodi inayofungua video. Reaper, Logic na Cubase zote zinafanya hivyo.
- Kadi ya sauti yenye angalau viingilio viwili, maiki moja ya kuweka mbele ya amplifaya (SM57 inatosha) na moja ya kondensa.
- Spika mbili unazozijua vizuri, hedifoni, na kispika kimoja kibovu kibovu. Hicho cha mwisho ni cha lazima.
- Upinde wa fidla, hata wa bei ya chini kabisa, na rozini ya kuupaka. EBow (kifaa cha mkononi kinachotetemesha uzi wa gitaa kwa sumaku) ukiweza.
- Maiki ya piezo ya kubandika, inayonasa mtetemo wa kitu ilichobandikwa.
- Diski mbili za nje. Kazi iliyo mahali pamoja tu ihesabu kuwa imeshapotea.

1. Andikianeni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja au mbili zitoshe, lakini ziseme: malipo ni kiasi gani na yanalipwa lini (nusu kabla ya kuanza ni ombi la kawaida), kila kipande kitarekebishwa mara ngapi bila malipo ya ziada, jina litaandikwaje kwenye orodha ya mwisho, na muziki ni wa nani. Mwenye bajeti ndogo akikulipa kidogo, mpe leseni ya kuutumia kwenye filamu hiyo, umiliki na haki ya kutoa albamu ubaki nao. Anayetaka kununua kila kitu alipe bei ya kila kitu.

Bendi nayo iandikiane yenyewe kwa yenyewe nani ametunga asilimia ngapi. Na kama mna mkataba na kampuni ya kurekodi, usomeni upya kwanza. Huenda hamna ruhusa ya kurekodi kwa jina la bendi nje ya mkataba huo.

2. Pima video kabla ya kugusa ala

Fungua mradi mpya wa kilohezi 48 (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), biti 24. Muziki wa CD ni kilohezi 44.1, na bendi nyingi hufungua mradi kwa mazoea hayo. Faili ya 44.1 ikichezwa kana kwamba ni ya 48, kipande cha dakika 3 huisha baada ya dakika 2 na sekunde 45, na sauti hupanda kwa karibu nusu toni moja na nusu.

Weka fremu kwa sekunde kama ulivyoandikiwa, kisha linganisha taimkodi iliyo kwenye picha na ile ya programu mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Zikilingana mwanzo zikaachana mwisho, mmoja wenu ana namba isiyo sahihi. Tofauti ya 23.976 na 24 inaonekana si kitu, ila kwa filamu ya dakika 90 inafika sekunde 5.4. Ndiyo zile sekunde tano za ukumbini.

Onyo: usitunge vipande vya kufuata picha kwenye filamu ambayo bado inakatwa. Mhariri akiondoa fremu 40 kwenye dakika ya saba, kila pigo ulilolipanga baada ya hapo limehama. Kama lazima uanze mapema, tunga maudhui ya jumla tu: wimbo mkuu, mivumo (sauti ndefu zisizo na mdundo), sauti za mhusika. Sehemu ya muziki wa Suspiria ilikuwapo kabla ya kamera kuanza na ilichezwa wakati wa kupiga picha, lakini hapo picha ndiyo iliyoufuata muziki. Wewe huna anasa hiyo.

3. Itazame bila gitaa mkononi

Mara ya kwanza tazama tu. Mara ya pili kaa na mwongozaji, mkisimamisha kila mahali anapotaka muziki. Jaza jedwali: taimkodi ya kuanza, ya kuisha, nini kinatokea, mtazamaji ahisi nini, na nani anaongea. Vipande viitwe kwa mtindo wa kawaida: 1m1 ni kipande cha kwanza cha sehemu ya kwanza, 2m3 ni cha tatu cha sehemu ya pili.

Kwa filamu ya dakika 90, dakika 30 hadi 45 za muziki ni nyingi vya kutosha. Mwongozaji akitaka 80, mwulize anaficha nini. Mara nyingi ni sauti mbaya ya mazungumzo, na hiyo haiponywi kwa muziki.

Halafu kuna muziki wa kuazima. Mhariri amekuwa akiutumia kwa miezi, na mwongozaji ameshaupenda. Usimwambie ni mbaya. Mwulize anachokipenda ndani yake: ni mwendo, uzito, au ala fulani? Chukua hicho kimoja, kisha uuzime usiusikie tena. Ukiusikiliza kila siku utaishia kuunakili bila kujua, na wakili wa mwenye wimbo hatajali kwamba hukujua.

4. Chagua sauti chache na wimbo mfupi

Sauti nne au tano kwa filamu nzima. Kwa mfano gitaa la upinde, besi iliyoshushwa, sinthesaiza moja na vyuma vya dramu. Wimbo mkuu uwe na noti tatu hadi sita, unaoweza kupigwa kwa kidole kimoja. Halloween ya mwaka 1978, ambayo John Carpenter aliiongoza na kuitungia muziki mwenyewe, inabebwa na mchoro mdogo wa piano wa mapigo matano kwa baa. Sikio linangoja nne, linapewa tano, na halitulii.

5. Tengeneza ghala la sauti

Tenga siku mbili za kurekodi sauti tu, bila picha na bila wimbo. Hapa ndipo bendi ya roki inapomshinda mtu mwenye kompyuta peke yake, kwa hiyo msiharakishe.

Gitaa la upinde. Paka rozini nyingi; upinde mpya usiopakwa hautoi sauti yoyote. Buruta upinde karibu na daraja la gitaa, kwa uzi wa kwanza au wa sita, kwa sababu nyuzi za gitaa zimelala usawa mmoja na za katikati hazifikiki peke yake. Shinikizo dogo hutoa mluzi. Ukikandamiza na kwenda polepole hutoa mkwaruzo wa koo. Futa nyuzi baadaye, rozini hugandamana.

Nyuzi mbili zisizopatana. Tafuta A ya herzi 110 kwenye magitaa mawili, kisha pandisha moja kwa senti 20 (senti 100 ni nusu toni moja). Itakuwa kama herzi 111.3, na zikilia pamoja utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja na ushee kwa sekunde. Mtazamaji hataitambua kama muziki. Atahisi tu chumba hakiko sawa.

Bolti chini ya nyuzi. Pitisha bolti au bisibisi nyembamba chini ya nyuzi juu ya freti ya 12. Gonga pande zote mbili kwa kijiti: utapata kengele mbovu. Tumia nyuzi kuukuu.

Mpira wa kuruka. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye kimpira kigumu cha watoto, ukiburute juu ya ngozi ya dramu kubwa. Inaguna kama mnyama. Lowesha kidogo kikigoma. Upinde ukiupitisha kwenye ukingo wa tasa (kile chuma bapa cha dramu), nalo litalia kwa muda mrefu.

Kupunguza kasi. Rekodi kwa kilohezi 96, kisha icheze kwa nusu ya kasi. Sauti inashuka okteva moja, urefu unakuwa mara mbili. Mlango wa kabati unakuwa lango la jela.

Mwangwi wa kurudi nyuma. Geuza sauti ianze mwisho, weka riverbu ya sekunde 5 au 6 bila sauti kavu, ichape kama faili mpya, kisha geuza tena. Sasa mwangwi unatangulia na kuvuta kuelekea noti. Ni ujanja wa zamani na umetumika mno. Mara mbili kwa filamu nzima, basi.

Maonyo mawili hapa. Usifungue amplifaya ya valvu kutafuta springi za riverbu: kondensa zake (vihifadhi umeme, si maiki) hushika mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa. Na mkirekodi fidibeki, vaeni vizibo vya masikio, hasa anayesimama mbele ya spika akitafuta noti.

Kila sauti ipe jina linaloeleweka siku hiyo hiyo. “Sauti 47 mpya mpya” haitafutiki wiki tatu baadaye saa nane usiku.

6. Hesabu mwendo

Chukua tukio: msichana anagusa kitasa kwenye 00:23:10:00, mlango unafunguka kwenye 00:23:48:12. Filamu ni ya fremu 24, kwa hiyo fremu 12 ni nusu sekunde, na kati yake kuna sekunde 38.5. Unataka baa nane za mapigo matano, mlango ufunguke kwenye pigo la kwanza la baa ya tisa. Hayo ni mapigo 40. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 38.5: mapigo 62.34 kwa dakika. Andika hiyo namba kwenye programu, pamoja na desimali zake. Ukiizungusha kuwa 62, pigo litachelewa zaidi ya fremu tano, na fremu tano zinaonekana.

Fremu moja ni kama milisekunde 42. Pigo likichelewa fremu moja au mbili mtazamaji hashtuki, kwa sababu hata maishani sauti hufika baada ya picha. Likitangulia, linaonekana kosa.

Si kila kipande kihesabiwe. Mvumo wa dakika mbili hauhitaji mapigo, na kuulazimisha kwenye metronomu kunauua.

7. Rekodi ukisikia mazungumzo

Kila mpigaji awe na mazungumzo ya filamu kwenye hedifoni yake. Pale mtu anapoongea, gitaa lenye mkwaruzo ndilo adui wa kwanza: linakaa hasa kati ya herzi 1,000 na 4,000, ambamo konsonanti zinaishi. Una njia tatu, kwa mpangilio huu. Acha kupiga. Kama hukuacha, hamia chini ya herzi 200 au juu ya 6,000. Kama hukuhamia, punguza eneo hilo kwa desibeli 3 hadi 6. Wengi huanza na ya tatu kwa kuwa haiumizi nafsi.

Minong'ono na pumzi za binadamu ziachie pale ambapo hakuna anayesema kitu. Mtazamaji atajaribu kuzisikiliza kama maneno.

Dramu kamili, zenye mdundo wa roki, zisubiri mbio na orodha ya mwisho ya majina. Mpiga dramu atalalamika. Mpe ule mpira.

8. Panga shtuko kuanzia nyuma

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na hapa methali hii ni maelekezo ya kazi. Pigo halishtui kwa ukubwa wake. Linashtua kwa udogo wa kilichotangulia. Ondoa muziki sekunde 2 hadi 4 kabla ya pigo, acha chumba tu. Usikate mvumo ghafla, maana kukata kwenyewe kunatangaza kinachokuja. Ufifishe kwa sekunde tatu hivi, mtazamaji asijue umeondoka lini.

Kisha mpigie mtu wa sauti za matukio umuulize: pigo hili ni lako au langu? Mkipiga wote kwa fremu moja, yeye mlango na wewe besi na tasa, kimojawapo kitazimwa kwenye mchanganyiko wa mwisho, na kwa kawaida ni chako. Mkubaliane: yeye achukue kishindo chenyewe, wewe uchukue mkia, sauti inayobaki ikining'inia baada yake.

9. Changanya na ukabidhi

Weka mazungumzo kwa sauti ya kawaida ya kusikiliza, kisha usiguse tena kitufe cha spika. Usitie limita (kibana vilele vya sauti) kwenye mchanganyiko mzima. Rekodi ya roki hubanwa mpaka ikae karibu na LUFS −9 (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), ilhali mazungumzo ya filamu mara nyingi hukaa karibu na −27. Fundi atakushusha desibeli kumi na tano au zaidi, na kitakachobaki ni ukuta mwembamba usio na pumzi. Kilele kisizidi dBFS −6 (kwenye kipimo hiki cha kidijiti, 0 ndio mwisho).

Kabidhi stemu, yaani makundi tofauti ya sauti: mivumo ya chini, magitaa, sinthesaiza, midundo, na mapigo ya shtuko. Kila stemu ianze kwenye fremu ile ile, iwe na athari zake ndani, na imalizie mkia wake wote. Ongeza mchanganyiko kamili wa kulinganisha. Jaribio: cheza stemu zote pamoja na mchanganyiko kamili uliopinduliwa fezi, yaani wimbi lake limegeuzwa juu chini. Usikie kimya. Ukisikia kitu, kuna stemu umesahau au limita umeiacha imewashwa.

WAV, kilohezi 48, biti 24, stirio. MP3 ni ya kumsikilizisha mwongozaji kwenye simu tu, nayo huongeza kimya kidogo mwanzoni kinachoharibu ulinganifu. Jina liwe na taimkodi ndani yake: 2m3_v04_MAGITAA_00-23-10-00.wav. Kama unakabidhi sehemu nzima kwa faili moja, weka mlio wa herzi 1,000 wenye urefu wa fremu moja, sekunde 2 kamili kabla ya picha ya kwanza, ili mhariri aulinganishe kwa macho.

10. Jaza orodha ya muziki

Jina la kila kipande, urefu wake, mtunzi na asilimia yake, na kama kinasikika kwa wahusika (redio ya gari, kwa mfano) au kwa watazamaji tu. Mpe mtayarishaji, na upeleke nakala kwa chama chako cha mirabaha. Bila orodha hii, filamu ikioneshwa kwenye televisheni hamna anayejua amlipe nani. Kwa kumbi za sinema za Marekani usitegemee kitu: tangu hukumu ya mwaka 1948 haziwalipi watunzi mirabaha ya muziki ulio ndani ya filamu. Ndiyo maana malipo ya awali yana uzito kule.

Mambo yakienda mrama

*Muziki unaanza sawa, unaachana na picha taratibu.* Ni 23.976 dhidi ya 24, au kilohezi zisizolingana. Usinyooshe faili kwa kukisia. Rudi hatua ya 2.

*Filamu nzima imekuwa fupi na muziki umepanda.* Fremu 24 zimechezwa kwa 25. Dakika 90 zimekuwa 86 na ushee, na sauti imepanda kwa karibu nusu toni 0.7. Muulize mtayarishaji kama ni toleo la televisheni ya Ulaya. Ikiwa ndivyo, ni makusudi.

*Mvumo wa kutisha hausikiki kwenye simu wala kompyuta ndogo.* E ya chini ya besi ni herzi 41, na spika hizo haziifikii. Nakili mvumo, upandishe okteva moja au mbili, utie mkwaruzo, uchanganye chini kabisa. Kile kispika kibovu ndicho kitakachokuambia imetosha.

*Mwongozaji anasema “haitishi” na hawezi kueleza.* Kabla ya kuongeza chochote, mtumie toleo ambalo umetoa nusu ya ala. Halafu jingine linaloanza sekunde kumi baadaye. Mara nyingi atachagua la pili.

*Picha imekatwa upya baada ya kukabidhi.* Omba orodha ya mabadiliko yenye taimkodi, si video mpya peke yake. Kata kwenye mivumo, si kwenye wimbo, na kama mabadiliko yanagusa zaidi ya vipande vitano, fungua ile karatasi ya hatua ya kwanza mwangalie mlikubaliana nini.

*Stemu ziko sawa lakini ukumbini magitaa yanauma masikio.* Mlichanganya kwa hedifoni, kwa sauti ndogo, usiku. Punguza kati ya herzi 2,500 na 5,000 kwenye stemu ya magitaa peke yake na umtumie fundi hiyo moja. Msimtumie kila kitu upya.